Daftari la Ami

Dashibodi ya kwanza niliyolipwa kuitengeneza ilikuwa ya duka la rejareja pale barabara ya Shelly Beach, mwendo wa miguu ukishuka feri Likoni. Bei tuliyokubaliana ni shilingi 15,000: kumi mwanzo, tano nikimaliza. Zile tano sikuzipata, na sizidai.

Mwenye duka mtaa mzima unamwita Ami, hata wanaomzidi umri. Lakini aliyenipa kazi si yeye. Ni kijana wake aliyeko Doha, ndiye aliyetia mtaji duka lilipopanuliwa, na alitaka kuliona kwenye simu yake akiwa huko huko. "Nataka nibonyeze nione," aliniambia kwa ujumbe wa sauti WhatsApp. "Nibonyeze sukari, nione sukari. Nibonyeze Jumamosi, nione Jumamosi." Bila kujua, alikuwa ameeleza dashibodi ni nini vizuri kuliko video zote nilizojifunzia.

Maana kazi hii nimeisomea YouTube. Chuo kikuu nilikuwa nasoma takwimu, bara, nikaacha mwaka wa tatu. Tangu hapo naishi kwa vibarua vya mtandaoni: makala za tovuti za watu, maelezo ya bidhaa ambazo sijawahi hata kuzishika, na siku hizi grafu. Mamangu akiulizwa nafanya nini hujibu, "Anaandika kwenye kompyuta," na wallahi hajakosea.

Neno lenyewe nililipenda nilipojua lilikotoka. Dashibodi zamani ilikuwa ubao wa mbele ya gari la farasi, wa kuzuia matope yanayorushwa na kwato yasimfikie aliyekaa nyuma. Kazi yake ilikuwa kuziba, si kuonyesha. Magari ya injini yalipokuja ubao ukabaki, ndo ukatiwa saa na mishale. Kuna matatu za Likoni zilizourudisha ulikotoka: mshale wa mafuta ulishakufa zamani, na dereva anajua kilichobaki kwenye tangi kwa hesabu za kichwani.

Ami naye alikuwa dereva wa aina hiyo.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Wewe ndo wa kompyuta?"

Akanipa kigoda, nikaweka laptopu juu ya gunia la mchele, tukaanza. Ningependa kukwambia kwamba kazi ya dashibodi ni rangi na michoro. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ni kutafuta namba ziko wapi na kujua zinadanganya vipi. Malipo ya M-Pesa yalikuwa rahisi, taarifa ya till unaipakua tu na kila malipo yana saa na dakika yake. Lakini M-Pesa haijui kilichonunuliwa. Shilingi 170 saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni ni nini? Mkate na maziwa? Unga? Na pesa taslimu hazina hata hiyo saa.

Kwa hivyo nikatengeneza fomu kwenye simu ya binti wa kaunta, vitufe vinane tu: unga, mchele, sukari, mafuta, maziwa na mikate, sabuni, vinywaji, mengineyo. Mteja akilipa taslimu, anagonga. Majibu yaingie Google Sheets, na kutoka hapo Looker Studio ichore, kwa sababu ni ya bure na inafunguka kwenye simu. Wiki ya kwanza dashibodi ikaonyesha kwamba duka linakufa jioni. Kuanzia saa kumi na moja, taslimu sifuri. Kijana wa Doha akaandika haraka: kwa nini tusifunge mapema, tuokoe stima?

Nikaenda kukaa dukani jioni moja. Feri ikitema watu wanaorudi kazini, foleni ya pale kaunta ilifika mlangoni. Binti alikuwa anapima, anarudisha chenji, anajibu salamu, anafunga karatasi, mikono miwili tu Mungu aliyompa. Kugonga fomu saa ngapi? Saa ambayo duka liliuza zaidi ndiyo saa ambayo hakukuwa na mkono wa bure wa kuandika. Tukabadilisha, akawa anahesabu droo kila baada ya saa tatu na kuandika jumla. Undani ukapungua, ukweli ukaongezeka.

Mafuta ya kupima nayo yalinitesa. Yanaingia kwa dumu la lita 20, yanatoka kwa vipimo vya shilingi ishirini ishirini. Kwenye stoki niliandika "dumu", kwenye mauzo "kipimo", na sikuiambia kompyuta kwamba hivyo ni vitu vinavyohusiana. Wiki mbili nzima ukurasa ulikuwa unaamini tuna mafuta ambayo watu walishakaangia samaki.

Halafu kuna ile Aprili. Hii ilikuwa mwaka 2025, mwezi wa Mei, na nilikuwa nimeweka ulinganisho wa kila mwezi na mwezi kama huo mwaka uliotangulia, vile vitabu vyote vinavyofundisha. Machi ikatoka kijani. Aprili ikatoka nyekundu ya kutisha. Nikampelekea Ami kwa huzuni, kama daktari mwenye habari mbaya. Akavaa miwani, akatazama, akacheka mpaka binti akageuka.

"Kwani kompyuta yako haifungi?"

Mwaka 2024 Ramadhani ilianza katikati ya Machi ikaingia hadi Aprili. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, Idi ikatua mwisho wa mwezi huo huo. Tende, sukari, unga wa ngano, maziwa, vyote vilihama na mwezi wa Kiislamu, ambao kila mwaka unarudi nyuma siku kama kumi na moja kwenye kalenda ya ukutani. Duka lilikuwa salama. Aliyekuwa mgonjwa ni mlinganisho wangu. Nikaongeza kichujio cha kulinganisha kwa Hijria, na nakwambia sijawahi kujivunia kitu kidogo kama kile.

Hapo ndipo kijana wa Doha aliponiuliza: na madeni?

Daftari lilikuwa chini ya kaunta, jalada limeshikwa na selotepu. Chini yake kulikuwa na mengine mawili yaliyojaa. Ndani hamna majina. Kuna Fundi Baiskeli. Kuna Mlinzi wa Geti la Bluu. Kuna Mama Samaki wawili, ambao Ami anawatofautisha kwa kuwa mmoja humwandika kwa wino mweusi na mwingine kwa buluu, na kalamu ikiisha anasubiri kununua nyingine. Kuna Mama Chuo. Kwetu pwani chuo ni madrasa kwanza, kabla hakijawa chuo kikuu, kwa hivyo nikachukulia ni mke wa mwalimu fulani.

Kompyuta haielewi lakabu. Inataka kila mtu awe mmoja, na alama yake isiyogongana na ya mwingine, na njia rahisi ni jina kamili na namba ya simu. Nikampitisha Ami mmoja mmoja. Alinitajia, lakini polepole, na baada ya kila jina aliongeza kitu ambacho hakikuwa na safu yake: huyu mguu wake umevunjika, huyu atalipa akirudi baharini, huyu halipi lakini babake alinipa mimi nyumba ya kukaa mwaka nilipokuja. Tulipofika Mama Chuo akashughulika na mizani.

"Huyo mwache alivyo."

"Ami, kompyuta yataka jina."

"Mwache alivyo, mwanangu."

Nikamwacha. Siku tatu niliandika, zaidi ya mistari elfu moja, kuanzia 2021. Kisha nikajenga ukurasa. Orodha ya wadeni, mkubwa juu, mdogo chini. Aliyepita siku tisini anageuka mwekundu. Bonyeza jina, unafunguka mstari wake: alichochukua, alicholipa, lini. Ulifanya kazi mara ya kwanza, jambo ambalo halitokei. Nikawa nabonyeza tu kwa raha, fundi, mlinzi, samaki, samaki.

Mama Chuo alikuwa wa pili kutoka juu. Shilingi 18,400. Nikabonyeza.

Unga wa ngano, sukari, mafuta, hamira, iliki. Kila Jumamosi analipa kitu. Halafu malipo yanakatika, wiki sita, saba, huku unga unaendelea kuchukuliwa. Halafu yanarudi. Halafu yanakatika tena. Tulifundishwa darasani kwamba ukiona kitu kinajirudia hivyo, tafuta msimu. Nikaangalia tarehe: Septemba 2021. Januari 2022. Septemba 2022. Januari 2023. Septemba 2023. Januari 2024. Baada ya Februari 2024 mstari unatulia, mia mbili, mia tatu, haukosi wiki.

Nilizijua tarehe zile. Septemba na Januari ndipo muhula unapofunguliwa, na ukikosa karo ofisi ya fedha haikusajili. Februari 2024 ndo nilirudi nyumbani na begi.

Mamangu anapika mahamri asubuhi, anauza kando ya barabara ya kwenda feri. Kila Jumamosi alikuwa akivuka kwenda mjini, na mimi miaka yote nilidhani anakwenda kununua unga kwa bei ya jumla. Sikuwahi kuuliza. Mtu akituma karo, unauliza imefika, huulizi imetoka wapi.

Nilikaa na ule ukurasa muda mrefu. Nilichokuwa nafikiria si deni. Nilikuwa nafikiria kwamba Ami alijua. Siku zote zile nimekaa juu ya kigoda chake namfundisha kuhusu data, yeye alikuwa na mstari wangu chini ya kaunta.

Kijana wa Doha alipoona picha niliyomtumia ya mfano, bila majina, alifurahi. Akataka majina, namba, na kitufe kimoja cha kuwatumia wote ujumbe wa kuwakumbusha. Kiufundi si kazi ngumu, ni jioni moja. Nikamjibu kwamba siwezi, kwamba Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, kwamba hawa watu walimpa Ami taarifa zao kwa ajili ya daftari, hawakukubali kuwekwa kwenye mtandao. Nikampa badala yake namba tatu: deni la chini ya siku thelathini, la thelathini hadi tisini, na la zaidi ya tisini.

Akapiga simu. "Duka ni letu, deni ni letu, wewe wanificha nini?"

Swali lilikuwa la haki. Sheria ipo, na nilichosema nakiamini. Lakini nisingeisoma usiku ule kama mamangu asingekuwa wa pili kwenye orodha. Angekuwa Fundi Baiskeli, kitufe ningekiweka, na ningekipaka rangi nzuri. Sikumwambia hayo. Nilimwambia aongee na babake.

Waliongea. Sijui waliambiana nini, ila Ami alitoka nyuma ya duka ameshika simu kwa vidole viwili kama kitu cha moto, akaniambia, "Yuasema hakulipi ile iliyobaki." Nikasema sawa. Akasema, "Anahofia mali. Si mbaya." Nikasema najua. Na kweli si mbaya. Yuko mbali, na kitu pekee alichonacho cha duka la babake ni skrini. Daftari linamtaka aje mwenyewe, aketi, asikie habari ya mguu uliovunjika. Ukurasa wangu ulimpa kila kitu isipokuwa hicho, na nilikuwa nimeuza hivyo.

Ukurasa wa madeni ukabaki na namba zake tatu. Kila Ijumaa baada ya swala Ami anamsomea binti jumla kutoka kwenye daftari, binti anaziandika kwenye fomu. Mama Samaki bado ni wawili, mmoja mweusi mmoja buluu.

Wiki mbili baadaye nililipwa kwa makala nyingine, nikaenda dukani na elfu tatu. Saa nane mchana, saa ambayo dashibodi inasema hakuna mtu, na kweli hakukuwa na mtu. Nikaziweka juu ya kaunta. Ami hakuuliza za nini. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akalitoa daftari na kulifungua pale pale kwenye ukurasa bila kutafuta.

"Nimwambie nani kalipa?"

Nikafikiria. "Usimwambie."

"Atahesabu. Mamako ajua hesabu."

Akaandika 3,000, akapiga mstari, akanipa maji baridi ambayo sikuyaomba. Usiku wa Ijumaa hiyo simu yangu ililia. Kijana wa Doha, ambaye hatukuwa tumeongea tangu ile simu, alikuwa amenitumia picha ya ukurasa wa madeni. Deni la zaidi ya siku tisini limeshuka. Chini yake ameweka kidole gumba.