Magari Madogo ya Kinondoni

Mtu aingiaye Kinondoni akitokea Magomeni kwa Barabara ya Kawawa hulakiwa kwanza na magari. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi hupita katikati ya barabara hiyo yakielekea Morocco, na pembeni yake daladala, bajaji na pikipiki hugombea kila shubiri ya lami. Lakini mpita njia akiiacha lami hiyo na kushika vichochoro vya kuelekea Mwananyamala, ataona magari ya namna nyingine kabisa. Haya ni madogo kiasi cha kupita chini ya kigoda. Hayana bima wala namba za usajili, na dereva wake hakai ndani, bali huyafuata kwa nyuma, mara nyingi akiwa miguu mitupu.

Magari haya ya watoto yastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna historia ya usafiri wa jiji letu. Mtoto huunda kile akionacho. Zama zile Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lililoanzishwa mwaka 1974, lilipokuwa na mabasi marefu ya Ikarus yaliyoitwa kumbakumba, watoto waliunda basi la vipande viwili na kuviunganisha kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Ilipoingia enzi ya daladala ndogo, basi la watoto nalo likafupika. Leo mwendokasi umeleta tena basi la vipande viwili, na katika vumbi la uchochoroni mpira wa baiskeli umerudi kazini. Fundi mdogo wa leo hajapata kuiona kumbakumba, lakini amefikia jibu lile lile walilolifikia wenzake wa zamani.

Vifaa vya kazi havinunuliwi, huokotwa. Fremu ni waya uliokunjwa kwa plaizi au kwa meno, jambo ambalo akina mama hulipigia kelele kila siku. Matairi hukatwa katika ndala kuukuu, na vifuniko vya soda huwa taa. Bodi ni boksi la maziwa au kopo la mafuta ya kupikia. Kiwanda cha Tanganyika Packers kilipokuwa kikisindika nyama pale Kawe, makopo yake yalikuwa na umbo zuri la kichwa cha lori. Kiwanda kilikwisha kufungwa zamani, na viwanja vyake sasa hujulikana zaidi kwa mikutano mikubwa kuliko kwa nyama, lakini makopo ya aina nyingine hayajakoma kupatikana.

Jambo la kustaajabisha zaidi, hata hivyo, ni namna magari haya yanavyoongozwa. Mtoto huchukua waya mrefu unaofika kiunoni, akafunga ncha ya chini katika mhimili wa magurudumu ya mbele, na ncha ya juu akaikunja kuwa usukani wa duara. Akizungusha usukani kulia, magurudumu nayo hukata kulia. Huko ndiko kuongoza chombo kutoka mbali, ingawa umbali wenyewe ni urefu wa waya. Wataalamu wa nchi zilizoendelea walihangaikia jambo hilo hilo kwa njia yao. Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyogeuka na kuwasha taa kwa amri ya mawimbi ya redio, bila waya wowote. Baadhi ya watazamaji walidhani kuna hila ndani yake.

Huko Denmark, katika mji mdogo wa Billund, seremala Ole Kirk Kristiansen alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Kampuni yake ikapewa jina la Lego, lililofupishwa kutoka maneno mawili ya Kidenishi yenye maana ya kucheza vizuri. Tofali la plastiki lenye vichuguu juu na mirija chini, kama lijulikanavyo leo, liliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958. Mwaka 1966 matofali hayo yakapata treni ya mota ya umeme. Mwaka 2007 zikatoka mota zilizoweza kuamrishwa kwa rimoti ya miali isiyoonekana kwa macho, kama ile ya televisheni, na mwaka 2018 zikafuata zile zinazoamrishwa kwa mawimbi ya redio, hata kwa simu ya mkononi. Mtoto wa huko hununua sanduku, akafuata picha hatua kwa hatua, gari likasimama. Akilichoka, hulibomoa na kuunda jingine kwa matofali yale yale.

Vijana wetu nao hawakubaki nyuma kwa kukosa sanduku. Wakubwa miongoni mwao, wa darasa la tano na kuendelea, huufanya mchezo kuwa ufundi. Huifungua redio iliyokufa, wakatoa mota. Hapo ndipo somo huanza. Mota ina nyaya mbili: ukiunganisha betri hivi, itazunguka mbele, ukibadilisha nyaya, itazunguka nyuma. Lakini mota nyingi za redio kaseti zina kidhibiti kasi ndani yake, nazo huenda upande mmoja tu. Kwa hiyo fundi anayetaka gari lake lirudi nyuma hutafuta mota inayotoa na kuingiza trei ya deki, ambayo huenda pande zote mbili.

Tatizo la pili ni nguvu. Mota ndogo huzunguka kwa kasi kubwa mno, lakini ukiifunga moja kwa moja kwenye gurudumu, hukwama hata kwa jiwe dogo. Dawa yake ni mpira mwembamba unaotoka kwenye kigurudumu kidogo cha mota hadi kwenye gurudumu kubwa la gari. Kama mzingo wa gurudumu kubwa ni mara kumi ya ule wa mdogo, mota itazunguka mara kumi ili gari lizunguke mara moja. Kasi hupungua, nguvu huongezeka. Mwalimu anaweza kuliandika hilo ubaoni mwaka mzima bila kueleweka. Mtoto aliyeliona lori lake likipanda kilima cha mchanga hatalisahau kamwe.

Tatizo la tatu ni usukani. Wengi hutumia mota mbili, moja kila upande. Zote zikizunguka mbele, gari huenda mbele; ya kushoto ikisimama, gari hukata kushoto. Swichi zake ni vipande vya bati vilivyopigiliwa kwenye ubao mdogo, na kutoka ubao huo nyaya ndefu hulifuata gari. Hii ndiyo rimoti ya Kinondoni. Wenye bahati hupata gari la plastiki lililoharibika, wakang'oa kipokezi chake cha redio na kukihamishia kwenye bodi ya kopo.

Isidhaniwe kwamba kila kilicho cha kisasa hushinda kila mahali. Ile rimoti ya miali hufanya kazi vizuri sebuleni, bali huhitaji kulionana na gari uso kwa uso, na jua kali huifunika miali yake. Ukiipeleka viwanja vya Biafra saa saba mchana, huenda gari likawa kiziwi, wakati lile la nyaya likiendelea kutii. Kwa upande mwingine, nyaya hunasa miguuni, hukatika, na huzuia gari kwenda mbali.

Ndani ya nyumba, mchezo huu huleta kesi. Mazungumzo ya namna hii si mageni katika nyumba za Kinondoni:

"Nani ameifungua redio hii?"

"Mama, ilikuwa haisemi tangu Ramadhani."

"Na isiposema ndiyo uichinje?"

Mama ana haki yake. Redio ni mali, na aliyeinunua alikuwa akitegemea siku moja fundi ataifufua. Mtoto naye ana haki yake, kwa kuwa ameuliza swali ambalo mtu mzima hakuuliza: ndani ya sanduku hili mna nini? Mzazi akitumia fimbo peke yake, huenda akaokoa redio moja mbovu na kupoteza fundi mmoja. Akinyamaza tu, mtoto hujifunza kwamba mali ya mtu haina mwenyewe. Njia ya kati ipo: apewe boksi lake la vitu vilivyokufa, aambiwe kwamba vya humo ni vyake na visivyomo aombe ruhusa kwanza.

Usalama nao haupaswi kupuuzwa. Mchezo huu ni wa betri ndogo za redio, si wa umeme wa ukutani. Televisheni za kizamani za kioo kizito huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa, na mtoto asiziguse. Betri za simu zilizovimba zisitobolewe wala kuchomwa jua, kwani huweza kuwaka moto. Mzazi hana haja ya kuwa mhandisi ili aseme mambo hayo matatu.

Liko pia suala la uwanja. Gari, hata liwe dogo namna gani, lahitaji barabara. Nyua za Kinondoni zimejengwa vyumba vya kupangisha, mbele ya nyumba pamekuwa duka, na vichochoro vilivyokuwa vya watoto sasa hupitwa na bodaboda. Mtoto anayelitazama gari lake haitazami pikipiki inayokuja nyuma yake. Majirani wa mtaa mmoja wanaweza kukubaliana kuhusu kipande cha ardhi na saa za jioni ambapo pikipiki zitapita upande mwingine. Jambo hilo halihitaji fedha, lahitaji kikao tu.

Nchi yetu iliwahi kuthubutu katika njia hii. Scania ziliunganishwa Kibaha, na huko huko Kibaha, katika miaka ya 1980, mradi wa Nyumbu uliunda magari ya mfano kwa mikono ya Watanzania. Siku hizi sekondari zetu zina mkondo wa amali, ambamo kijana hujifunza ufundi pamoja na masomo ya kawaida. Huo ni mlango mwema, lakini atakayeingia akiwa hajapata kushika bisibisi ataanza nyuma sana. Mwenzake wa kichochoroni tayari anajua kwamba mota ina nguvu kidogo na kasi nyingi, kwamba waya uliokatika hutafutwa kwa subira, na kwamba chombo kikigoma kosa si la chombo.

Jioni ya Jumapili, mzazi aliyepumzika anaweza kutoka nje na kulitazama gari la mwanawe. Asianze kwa kusifu wala kukemea. Amwulize: kwa nini umeweka mpira hapa? Halafu akae kigodani asikilize, kwa maana jibu laweza kuwa refu.