Jumamosi ya Jua Katikati ya Masika

Masika yalipokatika kwa Jumamosi mbili, sisi akina mama wanne wa Temeke tulisali, tukawasha pikipiki zetu tatu, tukavuka kwa pantoni kutoka Magogoni. Daraja la Kigamboni lipo tangu 2016, lakini pantoni ina upepo wa bahari na muda wa kuongea!

Tulikwenda polepole kupitia Mjimwema na Gezaulole hadi Kimbiji, khanga tumezifunga juu ya suruali. Mwenzetu mmoja hakuwa amepanda pikipiki tangu mumewe alipoanguka. Alikaa nyuma, amefumba macho, akitung'ang'ania kiunoni. Kimbiji tulinunua samaki kwa wavuvi. Yeye hakusema neno.

Jumamosi iliyofuata alikuja na kofia ngumu yake mwenyewe.