Betri Haikuwa na Makosa

Wacha nianze na hesabu, ndio mjue vile nilichomeka. Betri mpya, 11,000. Stata ya mtumba, 7,500. Fundi wa kuja nyumbani mara tatu, na hapo hata sitaki kujumlisha. Baada ya hayo yote, asubuhi nikigeuza ufunguo, Peugeot 504 ya baba yangu inafanya tu "nyeee... nyee... tk," halafu kimya.

Kama umezaliwa baada ya 2000, pengine 504 unaijua kama ile gari iliyoota majani nyuma ya nyumba ya mtu ushago. Lakini uliza wazee. Hiyo ndiyo ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 ikiwa na Ove Andersson kwa usukani, na 1978 ile ya milango miwili yenye injini ya V6 ikashinda tena na Jean-Pierre Nicolas. Stesheni wagoni yake ndiyo ilikuwa matatu ya safari ndefu, watu wamebanana ndani na magunia juu. Baba aliendesha moja ya hizo kabla hajanunua hii yake, saluni, ya rangi ambayo zamani ilikuwa nyeupe.

Mwaka jana Baba alipata kiharusi. Mkono wa kulia haujarudi, na maneno yanatoka polepole. Mjomba akaanza kupiga simu: gari linaoza tu pale, kuna mtu wa skrepa atatoa 40,000, na dawa za mzee si za bure. Mama akakubali. Mimi nikasema nipeni mwezi mmoja, litawaka. Nitakuwa mkweli, nusu ilikuwa mapenzi na nusu ilikuwa kutafuta video.

Sasa hapa ndio nina maneno na sisi wote. Gari likikataa kuwaka, kitu cha kwanza tunafanya ni kununua. Mafundi wengi tunaowaita nao ni hivyo hivyo: anasikiliza sekunde mbili, anatingisha kichwa, "hii ni betri." Ukinunua, "basi ni stata." Ukinunua, "altaneta nayo imechoka." Ni kubahatisha, na wewe ndiye unalipia kila jaribio. Hakuna hata mmoja wa watatu waliokuja aliyetoa mita. Mimi pia sikuwa nayo, kwa hivyo siwezi kujifanya mtakatifu.

Baba alikuwa anatuangalia muda huo wote, amekaa kwa kiti cha plastiki hapo mlangoni. Niliuliza mafundi, nikauliza watu wa komenti, nikaangalia video za Wafaransa nisioelewa lugha yao. Mtu mmoja aliyeendesha gari hilo miaka 26 sikumuuliza. Maze, kusubiri amalize sentensi ni kazi, na nyumbani sote tulikuwa tumeanza kumalizia yeye.

Jumamosi moja, nimepiga stata mara ya tano, nimekasirika, nikamsikia.

"Shika... chok."

Nikadhani anataka nivute chok. Nikavuta. Akatikisa kichwa. "Hapana. Shika. Ni... moto?"

Nikashika kile kifundo cha chuma kwa dashibodi. Wasee, kilikuwa moto! Nikafungua boneti, nikagusa kebo ya chok inapoingia kwa kabureta, nikatoa mkono haraka.

Sasa elewa hii. Umeme ukitoka kwa betri kwenda stata lazima urudi kwa betri. Kwa gari letu, upande wa hasi umefungwa kwa bodi, na kuna mkanda wa waya za kusukwa unaounganisha bodi na injini. Huo ndio athi ya injini. Injini imekalia raba, kwa hivyo mkanda huo ukikatika au ukishika kutu, moto wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi. Kebo nyembamba ya chok ni chuma, imegusa injini huku na bodi kule, basi unapitia hapo. Ni kama kupitisha mto kwa mrija wa soda. Kebo inachemka na stata inabaki na njaa, hata uiwekee betri ya lori.

Nikaazima mita kwa jirani anayetengeneza redio. Waya nyekundu kwa injini, nyeusi kwa kichwa cha hasi cha betri, mdogo wangu anapiga stata. Mahali ambapo hupaswi kuona hata nusu volti, mita ilisoma 4.1. Volti nne zinapotelea njiani! Kisha Baba akanionyesha kwa kidole waya za jampa ukutani. Nikachukua moja tu, nikabana ncha moja kwa hasi ya betri na nyingine kwa chuma cha injini.

Iliwaka mara moja. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Mkanda wenyewe ulikuwa huko chini, kando ya giaboksi, umefunikwa na grisi ya miaka. Mtu aliwahi kushusha giaboksi na kuurudisha juu ya rangi na uchafu bila kukwaruza, kutu ikamaliza kazi. Nilitoa betri waya kwanza (tafadhali nawe uitoe), nikasugua chuma kwa msasa mpaka king'ae, nikafunga mkanda mpya. Shilingi 350. Kabla ya hapo, injini ikiwaka, betri ilikuwa inasoma 12.4, maana altaneta nayo hupitia mkanda huo huo kuchaji. Sasa inasoma 14.1. Ile altaneta ya kununuliwa sikuinunua.

Stata ya zamani, ambayo haikuwa na ubaya wowote, iko kwa ndoo chini ya kitanda changu.

Jana mjomba alipiga simu tena kuhusu yule mtu wa skrepa. Nikampa Baba simu. Tulisubiri wote, na hakuna aliyemmalizia.

"Mwambie... aje... apande."

Waipa bado hazifanyi kazi. Baba anasema fyuzi, mimi nasema athi. Kesho naenda kurudi na mita ya watu.