Kinacholia na Kinachokwisha

Aliyesema debe tupu haliachi kuvuma hakuwahi kulala karibu na hita ya maji ya Dodoma. Yetu ya lita 80 ilikuwa imejaa pomoni, na bado ilivuma. Ilianza kwa kuchachatika, yakafuata mapigo ya pwa, pwa, hatimaye ngurumo iliyopenya ukuta hadi chumba cha wageni. Mume wangu alisema hizo ni kelele tu, kwani maji si yanapata moto? Shangazi yake aliyetutembelea kutoka Iringa hakuridhika na jibu hilo. Alikesha ameketi kitandani, khanga kiunoni, akisubiri kitu kilipuke.

Sisi ni miongoni mwa walioifuata serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, kutimiza uamuzi ambao chama cha TANU kiliupitisha tangu 1973. Tulionywa kuhusu upepo, vumbi na kodi za nyumba. Kuhusu maji tuliambiwa neno moja tu, kwamba yana chumvi. Kumbe chumvi yenyewe si ile ya mezani. Maji ya visima vya huku hupita ardhini yakibeba kalsiamu na magnesiamu, ndiyo maana sabuni hugoma kutoa povu na birika huota gamba jeupe. Kule Dar es Salaam tulikuwa tukioga maji ya bombani asubuhi bila kufikiri. Hapa, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Julai hakuna mtu wa nyumba yangu anayegusa maji kabla hita haijawashwa.

Fundi tuliyemwita kwa ajili ya kelele hizo ni kijana mwenye maneno machache. Alizima umeme kwenye swichi kubwa, akaiacha hita ipoe, akafunga maji yanayoingia, akafungua bomba la moto ili hewa ipite, ndipo akaunganisha mpira wa kumwagia. Yalitoka maji meupe, halafu mchanga mchanga, kisha vipande vya gamba ambavyo upande mmoja vilikuwa vimejikunja kwa umbo la koili. Akaomba siki jikoni. Tone moja tu juu ya kipande, likachemka povu.

"Chokaa hii, mama," akasema.

Sukari huyeyuka vizuri zaidi kadiri chai inavyokuwa ya moto, lakini chokaa hii ina tabia ya kinyume. Joto likipanda, gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka majini, na kilichokuwa kimeyeyuka kinaganda. Huganda zaidi pale penye joto kuliko pote, yaani juu ya koili yenyewe. Maji kidogo hujipenyeza chini ya gamba, yakanaswa, yakachemka na kuwa mvuke hata kama tangi zima halijakaribia kuchemka. Mvuke unapochomoka na kukutana na maji yaliyo baridi zaidi, unajikunyata ghafla, na hapo ndipo mlio unapotoka. Aliyewahi kukoroga uji mzito anaijua habari hii, jinsi sufuria linavyotema pwa na kukuunguza mkono. Watu husema gamba linakula umeme. Sikubaliani nao kabisa, maana koili iliyozama majini haina pa kupeleka joto lake ila majini humo humo, na lita 80 kutoka nyuzi 20 hadi 60 hazimalizi yuniti nne za umeme wa LUKU, gamba liwepo lisiwepo. Anayeumia ni koili, kwa sababu imevikwa koti, inashindwa kupumua, mwisho inaungua.

Themostati nayo ilikuwa imezungushwa hadi mwisho. Fundi aliirudisha kwenye 60, akaeleza kwamba juu ya hapo gamba hujengeka haraka zaidi, na kwamba tusiishushe sana pia kwa sababu maji ya uvuguvugu yanayokaa tangini hulea vijidudu. Nilimtazama mume wangu. Yeye alikuwa akitazama dari.

Nilidhani kazi imekwisha, na kama ingeishia hapo nisingekuwa na la kuandika. Lakini kijana alichomoa kutoka ndani ya tangi kitu ambacho hakikuwahi kutusumbua hata siku moja. Kilikuwa waya mwembamba wenye vinundu vya kijivu hapa na pale. Alisema kilipokuwa kipya kilikuwa na unene wa kidole. Hiyo ndiyo anodi, kijiti cha magnesiamu kinachowekwa ndani ya tangi la chuma ili kiliwe badala ya chuma. Enameli iliyopakwa ndani ya tangi haikosi nyufa, na magnesiamu huachia elektroni zake kwa wepesi kuliko chuma, hivyo kutu huanza nayo. Maji yenye madini mengi huimaliza upesi zaidi. Ikiisha, zamu ni ya tangi, na tangi likitoboka halizibiki, linanunuliwa jipya.

Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1824 Humphry Davy alionyesha Uingereza kwamba vipande vidogo vya zinki au chuma vikibandikwa kwenye shaba iliyofunika matumbo ya manowari, shaba haitaliwa na bahari. Kweli haikuliwa. Ila shaba iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa ikiwafukuza wadudu wa baharini na mwani, na sasa walijishikiza kwa furaha, meli zikawa nzito, jeshi la majini likaachana na mpango huo.

"Yenye kelele ilikuwa koili," fundi alisema akinipa ule waya niushike, "ila mgonjwa ni huyu."

Katika ukoo wetu yupo mdogo wangu wa kiume ambaye akikwama kidogo, kundi zima la WhatsApp linajua. Kikao kinaitwa, michango inapitishwa, wazee wanapiga simu usiku. Na yupo dada yetu mkubwa. Ada zetu alilipa yeye, msiba wa baba aliubeba yeye, na mpaka leo dawa za mama zinatoka mkononi mwake. Sijawahi kusikia kikao kikiitwa kwa ajili yake. Hata kazini ninamfahamu mtu wa aina hiyo, karani wa masijala aliyekuwa anajua kila jalada lilipo. Alistaafu bila hotuba, na wiki iliyofuata ofisi nzima ilikuwa inatafuta barua ya mwaka juzi.

Ni rahisi kuwasema wanaolalamika. Mimi mwenyewe huwa nawasema, na mdogo wangu anajua. Lakini hita isingevuma, nani angeifungua? Kile kijiti kingekwisha kimya kimya, na habari tungeipata kwa maji kutiririka ukutani. Kwa hiyo siwezi tena kusema kelele ni uchokozi mtupu. Gamba lile ndilo lililotuletea fundi. Kosa liko kwa anayenyamazisha kelele, akalipa, akafunga mfuniko bila kuuliza humo ndani kuna nini kingine.

Anodi mpya ilipatikana kwa bei ndogo sana ukilinganisha na tangi. Fundi aliandika tarehe kwa kalamu nene juu ya mfuniko, akasema tuitazame kila mwaka, na kwamba kelele zitarudi tu kwa kuwa maji ni yale yale. Jioni nilimpigia dada. Nilimwambia sina shida yoyote, nimetaka tu kujua yeye anaendeleaje. Akanyamaza kidogo.

"Haya, mdogo wangu, sema," akajibu. "Shilingi ngapi?"