Shamba la Nabothi Jukwaani

Mwezi wa Mei mwaka 2022, katika jumba la taifa la michezo mjini Nairobi, ulichezwa tena mchezo uitwao Ngaahika Ndeenda, ambao kwa Kiswahili huitwa Nitaolewa Nikipenda. Waliouandika kwa Kikikuyu ni Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, nao wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru, wakasaidia kuutengeneza, wakajenga na jukwaa kwa mikono yao. Ulianza kuchezwa tarehe 2 Oktoba 1977, lakini kabla ya miezi miwili kutimia serikali ikaupiga marufuku. Mwaka ulipokuwa ukiisha Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima pasipo kuhukumiwa. Mwaka 1982 jukwaa nalo likabomolewa.

Je, mchezo wa wakulima na vibarua una nini hata uwatie wakubwa hofu?

Kiguunda ni kibarua. Mali yake ni ekari moja na nusu, na hati yake ameitundika ukutani. Tajiri wake, Ahab Kioi, pamoja na mkewe Jezebel, waja nyumbani kwake kumwonya kwamba yeye na mkewe Wangeci waishi katika dhambi, kwa kuwa hawakufunga ndoa kanisani. Maskini hao wadhani matajiri wataka kumposea kijana wao binti yao Gathoni. Basi Kiguunda akopa fedha za arusi benki, na hati yaenda kuwa rehani. Kumbe Kioi ni mmoja wa wakubwa wa benki ile, na ardhi ile yatakiwa kwa kiwanda cha dawa ya wadudu! Gathoni apata mimba, kijana amkana, Kiguunda afukuzwa kazi, shamba lapigwa mnada. Hapo ndipo mtazamaji afumbuapo fumbo la wageni wale, walikuja kutafuta nini.

Wako Wakristo wasemao kwamba mchezo huu waidharau ndoa takatifu. Mimi sikubaliani nao. Majina Ahabu na Yezebeli yatoka katika Biblia yetu, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 21. Someni vizuri: Yezebeli alitangaza mfungo kwanza, ndipo Nabothi akashitakiwa kwa uongo kwamba amemtukana Mungu. Shamba la mizabibu lilinyang'anywa kwa vazi la ibada. Basi Maandiko yalilishitaki jambo hili zamani sana kabla ya Kamiriithu.

Sisi tukaao Kijenge, chini ya mlima Meru, habari hii si ngeni kwetu. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi ipewe walowezi Wazungu, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akayapeleka malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Siku zile aliyenyang'anya alikuja na askari, kila mtu akamwona. Siku hizi shamba laweza kuondoka kimya, kwa saini yetu wenyewe.

Nimeketi katika kamati za arusi hapa Kijenge. Nimesikia hesabu za ukumbi, magari, mavazi na muziki, na baba wa watoto akitazama chini. Na hapa mashamba ya migomba yamekwisha kukatwakatwa kuwa viwanja. Aliyebaki na kipande amebaki na kidogo. Huyu akikopa kwa rehani ya kipande hicho ili majirani wasimcheke, wajukuu wake watalima wapi?

Kwa hiyo nawasihi wazee wa kanisa watangaze waziwazi kwamba baraka ya ndoa haiuzwi, na arusi ya chai na mkate ni arusi kamili mbele za Mungu. Na wazazi waweke hati mahali pa salama, wasiitoe kwa neno la mgeni, ajapokuja na Biblia mkononi. Nabothi alimnyima mfalme urithi wa baba zake; sisi tusiuweke rehani kwa ajili ya keki.