Kovu Ndani ya Tundu

Kishikio cha biti kilichomoka Jumamosi asubuhi, baba alipokuwa akiinua biti kutoka kwenye bawaba ya geti la mteja. Kilimwangukia mguuni. Hakuvunjika, lakini jioni aliifunika mashine kwa turubai, akasema mikono yake imezeeka, bora atafute mnunuzi.

Sikusema kitu. Nilikuwa na sababu.

Mashine hiyo ya kutoboa imekaa uani kwetu Tanga tangu sijaanza shule. Kishikio chake hakifungwi kwa skrubu. Kina mkia wa chuma unaokonda taratibu, kama milimita 1 kwa kila milimita 20 za urefu, nao huingia kwenye tundu linalokonda kwa kipimo kilekile. Mfumo huo ni wa Mmarekani Stephen Morse, wa miaka ya 1860. Vyuma viwili vikigusana kote, msuguano peke yake unatosha. Visipogusana, hata ukigonga kwa nyundo ni bure. Baba alikuwa akizungushia mkia ule karatasi kila mara, nami nikajifanya sioni.

Jumapili, alipokwenda kwenye msiba, nilifunua turubai. Nilisafisha tundu kwa mafuta ya taa, nikapaka mkia mistari mitatu myembamba ya rangi ya bluu, nikauingiza, nikauzungusha kidogo, nikautoa. Bluu ilikuwa imefutika sehemu moja tu, upana wa kidole. Kwingine kote ilibaki kama nilivyoipaka. Nikaingiza kidole ndani ya tundu. Kulikuwa na kovu, ukingo mdogo wa chuma ulioinuka.

Nalijua kovu hilo. Nikiwa kidato cha tatu niliwasha mashine bila ruhusa. Biti ilikwama kwenye bati, mkia ukazunguka ndani ya tundu huku ukipiga kelele. Nilizima, nikarudisha kila kitu mahali pake, nikanyamaza miaka tisa.

Mikwaruzo ya mkia niliisawazisha kwa jiwe laini la kunolea. Kwa tundu niliazima rima ya kipimo chake kutoka gereji ya jirani, nikaizungusha kwa mkono na mafuta, upande mmoja tu, bila kukandamiza. Nilitaka iondoe kilichoinuka, isile chuma kizima. Nikapaka bluu tena. Mara ya nne ilifutika kutoka juu hadi chini.

Baba alinikuta nikifuta mikono. Nikamweleza yote, kuanzia kidato cha tatu.

Aliinama, akaingiza kidole tunduni, akakaa nacho humo muda mrefu.

“Siku hiyo uliumia?”

“Hapana, baba.”

“Ungeniambia, mwanangu. Nilidhani ni mimi.” Akaokota kipande cha karatasi kilichokunjwa, akakitupa. “Haya, lete ile bawaba.”