Upepo wa Ziwa na Vijana Wetu

Sisi tukaao Musoma twaishi ukingoni mwa ziwa, na wengi wa vijana wetu hutafuta riziki yao usiku, kwa mwanga wa taa, wakivua dagaa. Mimi ni mwalimu wa chuo, na kazi yangu ni kusomesha watoto Kurani. Lakini kila ifikapo habari ya mtumbwi uliozama, watoto haohao huniuliza: dhoruba hii yatoka wapi? Nao wamekwisha kusikia matangani jibu lisilo la haki, kwamba imetumwa na jirani fulani mwenye husuda. Neno hilo huwavunjia heshima vikongwe wasio na hatia. Kwa hiyo naona ni wajibu tuzifahamu sababu zake.

Hewa tuivutayo si kitu kimoja. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na iliyobaki karibu yote ni agoni. Hewa ya ukaa ni kidogo mno. Pamoja na hizo umo mvuke wa maji, ambao huzidi na kupungua, nao ndio mama wa mawingu.

Tena hewa hiyo imepangwa kwa tabaka. La chini ni troposfia, ambayo katika nchi zetu za Ikweta hufika kiasi cha kilomita 16 au 17 juu. Humo ndimo zipatikanamo mvua na radi. Kadiri upandavyo, baridi huzidi, kiasi cha digrii 6 na nusu kwa kila kilomita. Ndiyo sababu Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, una barafu kileleni, hali migomba yastawi chini yake. Juu ya hapo ni stratosfia, hadi kilomita 50 hivi, yenye ozoni ituzuiliayo miale mikali ya jua. Huko joto huongezeka kadiri ya kupanda, basi hewa yake huwa kama kifuniko: wingu la dhoruba likikifikia, hutandaza kichwa mithili ya fuawe la mhunzi. Kijana alionaye wingu la namna hiyo asingoje kuambiwa. Zaidi ya hapo kuna mesosfia, ambamo vimondo huungua, kisha themosfia.

Sasa tuutazame upepo wetu. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa ya juu yake huwa nyepesi, hupanda, na ile ya ziwani huja kushika mahali pake. Ndio upepo utuburudishao Musoma baada ya adhuhuri, nao husukuma mvuke kuelekea Butiama na bara ya Bunda, ambako mara nyingi mvua hunyesha alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na upepo hutoka bara kwenda ziwani. Pepo za pwani zote, za Tanzania, Kenya na Uganda, hukutana juu ya maji yenye joto. Hewa hupanda kwa nguvu, na radi huanza, pengine hadi alfajiri. Basi upepo ule umsaidiao mvuvi kutoka ndio huohuo ukusanyao dhoruba mbele yake.

Tena kuna majira. Watu wa Pwani wazijua kaskazi na kusi, zilizowaleta na kuwarudisha wasafiri wa majahazi karne nyingi. Kwetu mkanda wa mvua hulifuata jua livukapo Ikweta mwezi Machi na Septemba. Nasi tulio digrii 1 na nusu tu kusini mwake twapata masika na vuli. Nyakati hizo yafaa hadhari izidi.

Kumtegemea Mwenyezi Mungu si kuacha kutazama mbingu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri, nayo ina rada Mwanza. Enyi wazazi, mtoto akiaga jioni, mwulizeni mambo mawili: je, amesikia utabiri, na je, amechukua boya la kujiokolea? Na msiba ukitokea, tusubiri na kuwaombea waliokufa, wala tusimtwike jirani damu asiyoimwaga.